Sura ya Saba: Amana ya Mpangaji na Marejeo Yake

Katika mji wa Mombasa, kama ilivyo Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, mtu atafutaye nyumba ya kupanga, akiisha kuiona na kuipenda na kuafikiana na mwenyewe juu ya kodi, hatoi kodi ya mwezi wa kwanza peke yake, bali hutakiwa aweke pamoja nayo kiasi kingine cha fedha, aghalabu sawa na kodi ya mwezi mmoja na mara nyingine ya miwili, ambacho wasomi na wasiosoma hukiita dipoziti; na juu yake huongezwa fedha kidogo za dhamana ya maji na stima. Mtu wa mshahara wa wastani, ambaye siku hiyohiyo amelipa mkokoteni au lori la kumhamishia vyombo, huutoa mzigo huu kwa shida, pengine kwa kukopa katika chama au kwa ndugu, naye huutoa kwa matumaini kwamba siku atakapohama fedha zile zitamrudia, zimfae kwa dhamana ya nyumba aendayo. Matumaini hayo huvunjika kwa watu wengi mno, na sababu za kuvunjika kwake zajulikana. Zikifahamika mapema, nyingi katika hizo zaweza kukingwa.

Yafaa kwanza hali ya fedha hizi ibainike. Mwenye nyumba hupewa azishike, ili mpangaji akiondoka ameacha deni la kodi, au amevunja kitu, apate pa kujilipia. Na pasipokuwapo deni wala uharibifu, hana haki nazo hata senti moja. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliijua dhamana ya namna hii, yaani rahani, tangu zamani, na mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, hushikilia kwamba rahani hubaki milki ya aliyeiweka, na kwamba mkono wa aliyeishika ni mkono wa amana. Na ile aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, iamrishayo amana zirejeshwe kwa wenyewe, hakuna msikiti ambamo haijasomwa. Nayataja haya kwa sababu mwambaoni wenye nyumba wengi, wawe Waislamu au Wakristo, ni watu wa ibada wanaoiogopa dhuluma, na mpangaji anayezungumza nao kwa lugha ya amana husikilizwa upesi kuliko yule afunguaye mazungumzo kwa kuwatishia mahakama. Mahakama ina wakati wake, nasi tutaifikia.

Lakini kuna jambo moja ambalo, lisiposemwa wazi, mabishano yote ya siku ya kuhama hayawezi kufahamika, nalo ni kwamba fedha zile hazipo. Siku zilipopokewa zililipa karo ya shule, au zilinunua saruji ya ghorofa inayofuata, au zilipunguza deni la benki. Wala hakuna sheria katika Kenya inayomlazimisha mwenye nyumba ya makazi aziweke katika akaunti ya peke yake mpaka mpangaji aondoke. Basi huja siku ya kuondoka, na mwenye nyumba, ambaye pengine ni mstaafu anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne, hana cha kurudisha isipokuwa kitakachotoka mfukoni mwa mpangaji mpya. Mpangaji mpya akipatikana juma lilelile, anayetoka hulipwa bila ya swali, hata ukuta ukiwa na alama za mikono ya watoto. Asipopatikana, ukuta uleule huwa uharibifu mkubwa, mfereji ulegeao huwa hasara, na keateka, yaani mtunzaji wa jengo, hutumwa apande na daftari kuhesabu misumari. Mtu asiyeijua siri hii hupoteza nguvu zake kuitetea rangi, na kumbe kinachozungumzwa ni upungufu wa fedha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mpangaji mwenye busara ni kusaidia nyumba isikae tupu. Notisi yake, ambayo kwa mikataba mingi ni ya mwezi mmoja, aitoe kwa maandishi na aitoe kamili, na kama yawezekana aitoe mapema zaidi. Awaruhusu wanaotaka kuiona nyumba waingie ilhali yeye bado yumo, tena waikute safi. Na akiwa na rafiki au mfanyakazi mwenzake atafutaye mahali, amwelekeze. Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya mwenye nyumba na wakala wake, nao wasema kweli. Walakini faida yake ya kwanza humfikia anayehama.

Nchi nyingine ziliitambua kasoro hii zikaitibu kwenye asili yake. Jimbo la New South Wales huko Australia liliunda bodi maalumu mwaka 1977, ambako dhamana za wapangaji huwekwa badala ya kukaa kwa wenye nyumba. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2007, chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, mwenye nyumba apokeaye dhamana katika mikataba ya kawaida ya makazi hulazimika kuiweka katika mojawapo ya miradi iliyoidhinishwa na serikali: ama fedha zenyewe zikabidhiwe mradi, ama abaki nazo lakini alipe bima itakayomlinda mpangaji. Muda aliopewa sasa ni siku 30, na akiukiuka, mahakama yaweza kumwamuru amlipe mpangaji fedha zisizopungua kiasi cha dhamana ile wala kuzidi mara tatu yake. Mwaka 2019 sheria nyingine iliweka kikomo, kwamba dhamana isizidi kodi ya wiki tano endapo kodi ya mwaka mzima haifiki pauni 50,000. Ndugu zetu wa Mombasa na Unguja waliohamia kule huyaona haya kuwa mambo ya kawaida, na wakirudi nyumbani wakapanga, hushangaa kuona kwamba fedha zao hazilindwi na yeyote.

Jambo la thamani kubwa katika utaratibu ule, kwa maoni yangu, ni mahali ulipouweka mzigo wa ushahidi, zaidi hata ya akaunti yenyewe. Ugomvi ukizuka, mradi huwapa pande zote mbili msuluhishi asiyedai ada, naye huanzia kwenye kanuni kwamba fedha ni za mpangaji. Anayetaka kukata ndiye athibitishe, kwa orodha ya siku ya kuingia na orodha ya siku ya kutoka, na akishindwa kuthibitisha, fedha hurudi. Kwetu mambo yamepinduliwa: aliyezishika hukaa kimya, na mwenye mali ndiye ahangaikaye kuthibitisha kwamba hakuvunja kitu. Bunge letu halitakuwa limebuni jambo geni likitunga sheria ya namna hiyo, na wapangaji wa miji yetu, ambao ni wengi kuliko wenye nyumba, wanastahiki kuidai kwa sauti.

Sasa tuje kwenye rangi na mfereji, kwa maana hata fedha zikiwapo, hapa ndipo wasiojua hudhulumiwa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 66, humtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta mkataba ulipoanza, lakini papo hapo humwondolea dhima ya uchakavu wa kadiri utokanao na matumizi ya kawaida, na ya hasara ya moto au mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake, na ya dhoruba na mitetemeko ya ardhi. Maana yake ni kwamba kinacholiwa na siku ni cha mwenye nyumba, na hiyo ndiyo sababu moja ya yeye kulipwa kodi kila mwezi, na kinachovunjwa na mkono ni cha mpangaji. Mpaka huu ni rahisi kuutamka, ila nyumba zetu za pwani zina mambo yake, na mtu asiyeyazingatia hataupata.

Utazame mfereji wa jikoni katika ghorofa mojawapo ya Bamburi au Kisauni. Maji yaletwayo mjini kutoka Mzima na Baricho hayatoshi, kwa hiyo majumba mengi huchanganya maji ya kisima kilichochimbwa uani, na maji hayo yana chumvi. Mwaka wa kwanza utaona ukoko mweupe umezunguka shingo ya mfereji. Wa pili, ile ngozi yake ing'aayo kama fedha imeanza kubabuka na shaba kuonekana chini yake. Mpira wa ndani hukakamaa, mfereji ukawa haufungi mpaka uubane kwa nguvu, na siku moja, ukiubana, hukatika mkononi mwako. Keateka akija atasema, na kwa nia safi kabisa, kwamba umekatika mkononi mwa mpangaji, kwa hiyo ameuvunja mpangaji. Lakini uliokatwa na mkono ni ule uliokwisha kuliwa na chumvi. Mfereji mzima haukatiki kwa vidole vya mwanamke anayeosha mchele. Mpangaji aliyeandika ujumbe mwezi ule ulipoanza kuvuja, akaomba fundi, ana hoja isiyojibika. Aliyenyamaza miezi sita maji yakaozesha kabati ya chini ya sinki, hana budi akubali sehemu ya hasara ile ya kabati, kwa kuwa kunyamaza nako ni uzembe.

Na utazame ukuta upokeao upepo wa kusi. Mvua za masika zikishuka, unyevu hupenya, rangi huvimba mfano wa malengelenge, kisha huanguka vipande vipande, na nyuma ya kabati la nguo huota ukungu wa rangi ya majivu. Hayo yote ni kazi ya bahari na ya plasta, na mpangaji hana mkono ndani yake. Ilhali picha za kalamu za mtoto, tundu la msumari mnene uliovuta kipande cha plasta, moshi wa jiko la makaa lililowashwa ndani ya chumba mpaka dari ikawa nyeusi, hayo ni yake. Na mtu mwadilifu huyakiri kabla ya kuulizwa, jambo ambalo huzipa nguvu kanusho zake nyingine.

Hata pale dhima inapokuwa ya mpangaji, haimpasi kumnunulia mwenye nyumba kitu kipya badala ya kikuukuu. Tuseme kodi ni shilingi 20,000 na dhamana ni kiasi hichohicho, na siku ya kuhama waletewa hesabu ya shilingi 12,000 ya kupaka nyumba nzima. Kama rangi katika jengo lile hudumu miaka mitatu, nawe umekaa minne, rangi uliyoikuta ilikwisha kufa kifo chake, na nyumba ingepakwa hata kama ingalikaliwa na malaika. Kama umekaa mwaka mmoja tu, na mtoto ameuchora ukuta mmoja wa sebule, deni lako ni theluthi mbili za gharama ya ukuta ule mmoja, kwa kuwa theluthi ya umri wake umekwisha kuilipia kwa kodi. Nakushauri hesabu hii uiandike kwenye karatasi mbele ya mwenye nyumba, kwa utulivu, tarakimu chini ya tarakimu. Wengi huiona haki wakiisha kuiona hesabu. Desturi iliyoenea ya kukata fedha za rangi kwa kila anayehama, pasi na kutazama amekaa muda gani wala ameacha ukuta gani, ni dhuluma iliyozoelewa, ila ikiwa mkataba uliotiwa sahihi wasema bayana kwamba mpangaji atapaka rangi akitoka. Na sharti hilo lisomwe kabla ya kutia sahihi, na likataliwe au lipunguzwe siku ile, kwa maana baadaye litakuwa zito kulitoa.

Juu ya siku ya kuingia sitasema mengi. Ipite nyumba chumba kwa chumba pamoja na keateka, piga picha za kila ufa na kila kitasa kilegeacho, andika orodha, mtie sahihi wote wawili, kisha umtumie mwenye nyumba picha zile usiku uleule ili tarehe zijiandike zenyewe. Fedha zilipwe kwa njia iachayo alama, kwa benki au kwa M-Pesa, na risiti itenge kodi na dhamana kila moja kwa kiasi chake. Uliza vilevile dhamana hukaa mkononi mwa nani: wakala, au mwenye nyumba? Wapangaji wengi hulijua jibu la swali hili siku ya kuhama, pale wakala asemapo kwamba fedha alikwisha kumkabidhi mwenye nyumba, naye mwenye nyumba asemapo kwamba hajawahi kuziona.

Siku ya kutoka yahitaji adabu na utaratibu. Vyombo vikiisha kutolewa na sakafu kupigwa deki, mpangaji asiondoke kwa kumrushia keateka funguo kupitia dirisha la lori. Na waipite nyumba tena wote wawili, orodha ya kwanza mkononi.

"Mama, ukuta huu wataka rangi," atasema keateka.

"Kweli kaka, wataka. Lakini tazama orodha yetu ya siku ile: unyevu ulikuwapo, na sahihi yako hii hapa. Tuandike kwamba umezidi."

Neno "tuandike" lina faida mara nyingi kuliko "sikubali". Keateka hana amri juu ya fedha, wala kumgombeza hakuleti kitu. Alicho nacho ni ushahidi, na ukimheshimu atautoa kama ulivyo. Baada ya hapo isomwe mita ya maji, lilipwe deni lililobaki la maji na takataka, keateka apewe funguo zote kwa idadi, na karatasi itiwe sahihi. Kwa karatasi hiyo mpangaji amfikie mwenye nyumba na aombe siku maalumu ya kulipwa. Kama mkataba haukutaja siku, wiki mbili ni muda wa insafu. Mwenye nyumba akikiri kwamba hana kitu mpaka apate mpangaji, ni afadhali kukubali malipo ya mafungu mawili au matatu yaliyoandikwa tarehe, kuliko kushikilia yote kwa mkupuo mmoja na kuambulia maneno.

Wapo waliokata tamaa na haya yote, ambao hukata shauri kuila dhamana yao kwa kuishi ndani: mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wakamwambia mwenye nyumba ajilipe kwa kile alichonacho. Siwezi kuwalaumu, maana wengi wao waliumwa zamani na nyumba nyingine. Lakini mikataba mingi huikataza njia hii kwa maneno yaliyo wazi, na mwenye nyumba mkali aweza kuihesabu kodi ile kuwa deni na kumletea dalali wa kukamata vyombo katika juma analofunga mizigo. Mwenye kutaka kuifuata na aombe ridhaa ya maandishi. Na mara nyingi ajabu ridhaa hutolewa, kwa sababu humwondolea mwenye nyumba taabu ya kutafuta fedha asizokuwa nazo.

Pakishindikana yote, ipo njia ya sheria, nayo siku hizi si ndefu kama ilivyokuwa. Baraza la zamani la kodi za nyumba, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, hushughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na kupanda kwa maisha, kwa hiyo wapangaji wengi wa leo wako nje ya mlango wake. Kimbilio lao ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine, Mombasa ikiwamo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na katika madai hayo sheria imetaja waziwazi fedha zilizopokewa na kushikwa na mtu kwa ajili ya mwingine. Hukumu yatakiwa itoke katika siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Na mdai aweza kuisema kesi yake mwenyewe pasipo wakili. Kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka juu ya ugomvi wa umiliki wa ardhi wala wa nani akae ndani, mpangaji aieleze kesi yake kwa usahihi: amekwisha kutoka, funguo amekwisha kurudisha, hadai nyumba wala chumba, adai fedha zake. Na tusisahau muda: madai ya mkataba nchini Kenya hufa baada ya miaka sita, lakini ushahidi hufa mapema zaidi, simu zikipotea na makeateka wakibadilishwa.

Kabla ya kwenda huko iandikwe barua ya madai, fupi na yenye adabu, itaje tarehe ya kuingia na ya kutoka, kiasi kilichowekwa, makato yanayokubaliwa kama yapo, kiasi kinachodaiwa, na siku 14 za kulipa. Iambatanishwe nakala za risiti na za orodha mbili, ipelekwe kwa mwenye nyumba na kwa wakala pia. Barua ya namna hii huwafungua wengi mikono, kwa kuwa aliyekuwa akitegemea mpangaji achoke huona sasa kwamba hakuchoka. Fedha zikiisha kupokewa, zote au zilizoafikiwa, iandikwe stakabadhi isemayo kwamba hakuna upande unaomdai mwenziwe kodi, maji, wala matengenezo ya nyumba ile, itiwe sahihi na tarehe, na kila mmoja abaki na nakala yake.